Kubadili matumizi ya kiwanja Dodoma: tathmini ya kampuni ya mipangomiji niliyoitumia

Mwezi Aprili mwaka jana nilikwenda kwenye kampuni binafsi ya mipangomiji hapa Dodoma ili inisaidie kubadili matumizi ya kiwanja changu cha Ilazo kutoka makazi kwenda makazi na biashara, na mwezi Desemba nikapata barua ya kukubaliwa. Kati ya miezi hiyo miwili yalitokea makosa ambayo yangeweza kunigharimu akiba yangu yote, na ilitokea pia kazi nzuri ambayo sikuitarajia, tena kutoka katika ofisi ile ile. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa walirekebisha walichokosea, na kwa kuwa ninachotaka msomaji akipate hapa ni namna ya kuipima kampuni yoyote ya aina hii kabla hajatoa fedha yake.

Kiwanja chenyewe nilikipata enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017. Kwa muda mrefu nilikuwa na hati ya miaka 33, kama wenzangu wengi wa mji huu, hadi nilipoibadilisha kuwa ya miaka 99 baada ya majukumu ya CDA kuhamishiwa kwenye halmashauri. Nyumba ilijengwa upande wa nyuma, na mbele, upande wa barabara, ikabaki nafasi ambayo kila nikiitazama niliona inakaa bure. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, nimekulia kwenye mashamba ya alizeti, na hesabu yangu haikuwa ngumu: ninunue alizeti kwa gunia wakati wa mavuno, nikamue hapo hapo nyumbani, niuze mafuta kwa dumu na mashudu kwa wafugaji. Nilikuwa nimekwisha kuulizia bei ya mashine na gharama ya kuunganishiwa umeme wa fezi tatu. Kilichobaki, kwa fikra zangu za wakati huo, kilikuwa karatasi.

Ni vema nieleze karatasi hizo zina uzito gani, kwa sababu uzito huo ndio unaoamua kama kampuni imefanya kazi yake au haikuifanya. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, ikiwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia kwa muda fulani na kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati yake. Aina ya matumizi ni mojawapo ya masharti hayo, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inairuhusu Serikali kuchukua hatua dhidi ya mmiliki anayeyavunja, hadi kufikia kubatilisha haki yenyewe. Kwa upande wa mji, Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake, kwa hiyo maombi ya mtu kama mimi huchambuliwa kwanza na wataalamu wa halmashauri, hujadiliwa na kamati ya madiwani inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, kisha huenda wizarani kabla ya hati yenye matumizi mapya kuandaliwa. Wajumbe wa kamati hawawezi kukijua kila kiwanja cha jiji hili. Wanachokijua kuhusu kiwanja changu ni kile kilichoandikwa kwenye jalada, na mwandishi wa jalada hilo ndiye niliyekuwa nimemlipa.

Mapokezi yalikuwa mazuri, na hilo nalisema bila kusita. Ofisi ni safi, unakaribishwa kwa heshima, na orodha ya nyaraka zinazohitajika imebandikwa ukutani kwa maandishi yanayosomeka hata na mtu mzima asiye na miwani: nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kitambulisho cha taifa, picha, barua ya serikali ya mtaa. Ada yao ilikuwa shilingi 900,000, nusu mwanzoni na nusu baada ya uamuzi, na mkataba ulikuwa wa Kiswahili, kurasa mbili, ukionyesha wazi kwamba ada za Serikali hazimo ndani ya fedha hiyo na kwamba mteja atazilipa mwenyewe kwa namba ya malipo. Nimewahi kuona watu wakikabidhi fedha taslimu kwa kijana aliyejitambulisha kuwa anajuana na watu wa ardhi, na baadaye wakabaki na namba ya simu isiyopatikana. Mkataba wa namna ile ni jambo la kushukuru.

Kasoro ilianza pale pale kwenye meza. Ofisa aliyenihudumia alichukua fomu, akaandika jina langu, namba ya kiwanja na kitalu, kisha kwenye nafasi ya matumizi yanayoombwa akajaza makazi na biashara, akaendelea na ukurasa uliofuata. Hakuniuliza ni biashara gani. Mimi nami sikumwambia, kwa kuwa niliamini biashara ni biashara, na kwamba mtaalamu akihitaji kujua zaidi atauliza. Kwa nusu dakika ile kazi yote ya miezi iliyofuata ilikuwa imekwisha kupinda. Ninalirudia jambo hili kwa uzito kwa sababu ndilo kosa lao kubwa kuliko yote, ingawa kwa nje halionekani kama kosa: karatasi zilikuwa nadhifu, mhuri ulikuwepo, na fomu haikuwa na doa.

Mwezi Mei nilipewa rasimu ya ripoti niisome na kuisaini. Ukurasa wa tatu ulieleza kwamba kiwanja kinapakana na barabara ya lami yenye mifereji ya maji pande zote mbili. Barabara yetu ni ya vumbi, mvua zikinyesha inageuka korongo, na mfereji pekee uliopo ni ule ambao majirani tuliuchimba kwa majembe. Ripoti ilisema pia kwamba jirani wa upande wa mashariki ni zahanati, na zahanati hiyo haipo mtaani kwetu. Ilikuwa wazi kwamba maelezo yale yaliandikwa kwa ajili ya kiwanja cha mtu mwingine, jina na namba vikabadilishwa, mengine yakaachwa. Nilipowaonyesha waliomba radhi na kusahihisha ndani ya siku mbili, lakini najiuliza ni wateja wangapi husaini bila kusoma. Wajumbe wa kamati wanaposoma kwamba kuna lami na mifereji, wanaamua kuhusu msongamano wa magari na mtiririko wa maji wakiwa na picha ya mtaa usiokuwepo, na watakaoishi na matokeo ya uamuzi huo ni watu wa mtaa halisi.

Suala la bango nalo linahitaji maelezo. Anayeomba kubadili matumizi hutakiwa kutangaza kusudio lake, ikiwa ni pamoja na kuweka tangazo kwenye kiwanja chenyewe, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kampuni ililiandaa tangazo, wakaleta karatasi ndogo ya kawaida iliyofunikwa kwa plastiki, na aliyeileta akaifunga kwenye mti ulio ndani ya uzio wangu, mahali ambapo mpita njia angelazimika kuingia uani ndipo alione. Alipiga picha na kuondoka. Picha inatosha kuthibitisha kwamba tangazo liliwekwa, lakini haitoshi kuthibitisha kwamba lilionekana. Baada ya siku tatu nililihamishia mimi mwenyewe kwenye geti, nikalifunga kwa waya, na jioni ile ile jirani yangu akaja.

Ni mzee wa miaka sabini na zaidi, ambaye alikuwepo Ilazo kabla yangu, na mkewe ana ugonjwa wa pumu. Aliketi kibarazani, akasalimia kwa Kigogo kama ilivyo desturi yake, kisha akaniuliza kwa upole ni biashara ya aina gani. Nilipomweleza habari ya mashine alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "sisi hatukatai riziki yako. Lakini wewe dirisha lako liko nyuma, letu liko huku. Mashine hiyo tutalala nayo sisi." Hakwenda kupeleka pingamizi popote. Alinipa nafasi ya kufikiri, na ninakiri kwamba kabla ya jioni ile sikuwa nimewahi kulitazama dirisha lake kama sehemu ya mpango wangu.

Nilirudi kwenye kampuni nikiwa na maswali, na safari hii nikapangiwa ofisa mwingine, mwanadada mtaalamu wa mipangomiji aliyesajiliwa, ambaye jambo lake la kwanza lilikuwa kuomba tuonane kwenye kiwanja badala ya ofisini. Alifika siku ya upepo wa Agosti, ule upepo wetu wa Dodoma unaobeba vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria, akautandaza mchoro wa mtaa juu ya boneti ya gari na kuubana kwa mawe manne. Kisha akaanza kutafuta bikoni, yale mawe ya zege yanayoonyesha mipaka ya kiwanja. Tatu tulizipata upesi, ya nne ilikuwa imefukiwa chini ya lundo la majivu ambako kwa miaka tulikuwa tukitupa takataka za jikoni, na alilifukua mwenyewe kwa jembe hadi zege likaonekana na namba yake. Kutoka hapo alivuta futi kamba hadi pale nilipokusudia kusimika mashine, na kutoka hapo hadi kwenye dirisha la jirani. Akaisoma kwa sauti: mita nne na sentimita ishirini. Aliandika, akasimama kimya akiwa ameshika ule utepe, kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa Aprili. "Mama, hapa hasa utafanya nini, kuanzia asubuhi hadi jioni?"

Nikamwambia yote: magunia, lori la kushusha, mota, mashudu, saa za kazi, wateja. Alinieleza kwa lugha nyepesi kwamba kanuni za mipangomiji hugawa matumizi ya ardhi katika makundi na madaraja, na kwamba duka la kuuza mafuta na mashine ya kuyakamua si kitu kimoja hata kama vinamilikiwa na mtu mmoja na vimo chini ya paa moja. Duka linaweza kukaa ndani ya makazi na biashara. Kukamua kwa mashine ni kazi ya kiwanda kidogo, na maeneo ya kazi hiyo yametengwa, kama kule Kizota ambako viwanda vimekuwepo kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba kamati ingeweza kuyakubali maombi yangu kama yalivyoandikwa, mimi nikafurahi, nikanunua mashine, nikaisimika, na siku ya kwanza ya kuiwasha nikawa tayari nimevunja sharti la hati mpya ambayo nimeilipia. Hakuna aliyenidanganya. Fomu ilijazwa tu bila swali.

Alifanya jambo jingine ambalo kwangu lina thamani kuliko ada yote. Alinionyesha kwenye mchoro mahali kiwanja changu kilipo katika mtaa mzima, wapi palipangwa maduka, wapi shule, wapi pameachwa wazi. Nilikuwa na imani, kama walivyo wengi tangu Serikali ihamie hapa na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, kwamba mji ukikua kila kiwanja cha mbele hugeuka cha biashara chenyewe. Alinikumbusha kwamba mji huu ulianza na mchoro kabla ya kuwa na watu wengi: Mpango Kabambe wa kwanza uliandaliwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ukafuatiwa na mapitio, na sasa upo wa 2019 hadi 2039. Ukubwa wa viwanja vyetu na maeneo ya wazi tunayoyakuta mitaani vilikadiriwa kwa kufikiria watu watakaolala hapa. Mtu mmoja akigeuza matumizi kimyakimya, mzigo wake unahamia kwa jirani, kwenye bomba la maji, kwenye barabara ya vumbi. Hayo nilipaswa kuyajua miaka mingi iliyopita, na nilihuzunika kwamba nimeyajua nikiwa na umri huu.

Kuanzia hapo huduma ilikuwa ya kiwango ninachoweza kumwombea kila mtu. Kampuni ilikiri kwa maandishi kwamba maombi ya awali hayakueleza shughuli yangu sawasawa, ikayaandaa upya bila kunitoza nyongeza, na ikanitengea ofisa yule yule hadi mwisho. Ripoti mpya ilikuwa ya kiwanja changu kweli: barabara ya vumbi imetajwa, mfereji wa majembe umetajwa, umbali wa dirisha la jirani umeandikwa kwa sentimita zake. Kilichoombwa ni nyumba ya kuishi pamoja na fremu moja ya duka upande wa barabara, na sehemu ya kuegesha magari mawili ndani ya kiwanja ili wateja wasizibe njia. Bango la pili lilikuwa la bati, maandishi makubwa, limesimamishwa nje ya geti. Ofisa alikwenda mwenyewe kwa jirani, akakaa naye, akamwonyesha mchoro, na mzee akaandika barua fupi kwamba hana pingamizi juu ya duka. Hakushawishiwa kwa chochote zaidi ya kuelezwa ukweli wote.

Kuhusu muda, ieleweke kwamba kamati haiketi kila wiki, na jalada likikosa kikao kimoja linasubiri kingine. Kampuni ilinieleza hivyo tangu mwanzo na haikuniahidi tarehe, jambo ambalo nawapongeza, ingawa miezi karibu minne ilipotea kwa sababu ya fomu yao ya kwanza. Kuhusu gharama, walinitahadharisha mapema kwamba matumizi yakibadilika na kodi ya pango la ardhi hubadilika, nami nikapata nafasi ya kuiweka kwenye hesabu ya duka kabla ya kuamua. Mawasiliano yao kwa simu yalikuwa dhaifu katika miezi ya mwanzo, yakaimarika baadaye.

Kwa anayefikiria kutumia kampuni ya namna hii, ushauri wangu unatokana na yaliyonipata. Omba kuona cheti cha usajili cha mtaalamu atakayesaini kazi yako, kwa kuwa wataalamu wa mipangomiji husajiliwa na bodi yao chini ya sheria ya mwaka 2007, na uhakikishe kwamba huyo mwenye cheti ndiye atakayefika kwenye kiwanja. Akijaza fomu kabla ya kukuuliza shughuli yako kwa undani, mzuie. Isome ripoti ukiwa umesimama kiwanjani na si ukiwa umeketi ofisini, kila sentensi uilinganishe na unachokiona. Bango lisimamishwe mahali ambapo hata asiyekupenda ataliona, maana jirani anayejua mapema huja kibarazani, na yule anayeshtukizwa huenda kwenye baraza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, na suluhu ikishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako wewe na jirani yako mtatumia muda na nauli kwa jambo ambalo kikombe cha chai kingelimaliza.

Je, ningeitumia tena kampuni hii? Ndiyo, kwa sharti la kupangiwa yule mwanadada, na sharti hilo nisingepaswa kulihitaji. Kampuni yenye mtaalamu wa aina yake haina sababu ya kuacha maombi ya watu yajazwe na mtu asiyeuliza, na nimewaandikia barua nikiwaomba kwamba hakuna fomu itakayotoka mezani kabla mtu hajakanyaga kiwanja. Wamejibu kwamba wameipokea, bado hawajasema watafanya nini.

Mashine nimeisimika Kizota, kwenye banda la kupanga, na kodi ya banda imepunguza faida niliyoipigia hesabu mwanzoni. Duka la Ilazo limefunguliwa kwa leseni yake. Hati ya zamani nimekwisha kuirejesha ili mpya iandaliwe, na ofisa wangu ndiye anayelifuatilia jalada. Awamu ya pili ya ada niliilipa siku nilipoipokea barua ya Desemba, nikapewa risiti ya mashine bila kuidai. Hati mpya ikitoka, nitaongeza hapa ilichukua siku ngapi.